Kimombo cha Paredi

Leo nakupeleka Kibaha, kata ya Sofu, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam ukifuata Barabara ya Morogoro. Ukipita asubuhi nje ya shule yoyote ya sekondari ya pande zile, kuanzia Sofu hadi Msangani, na ukizunguka mpaka Kisarawe, utaona mambo yanayofanana. Usafi umekwisha, kengele imelia, wanafunzi wamepanga mistari, wimbo wa taifa umeimbwa, mwalimu wa zamu ametoa matangazo yake. Kisha anaitwa mwanafunzi mmoja, tuseme wa kidato cha pili. Anatoka mstarini, anajinyoosha sare, anasimama mbele ya wenzake mamia na kumwaga Kimombo. Wenyewe wanaiita moningi spichi.

Hotuba yenyewe aghalabu ni ya umuhimu wa elimu, au madhara ya dawa za kulevya, au nidhamu. Iliandikwa jana usiku kwa msaada wa kaka wa kidato cha nne, au imenakiliwa kutoka daftari la mtu aliyekwisha kumaliza shule. Salamu ni ndefu: mkuu wa shule, makamu wake, walimu, viranja, wanafunzi wenzangu, kila mmoja kwa cheo chake. Zinapokwisha salamu, nusu ya muda imekwenda. Iliyobaki inamwagwa kwa mkupuo, macho yakiwa juu ya paa la darasa, maana mtoto akigongana macho na mtu mmoja tu, sentensi itamtoroka. Anamaliza. Makofi. Anarudi mstarini.

Mimi nina ugomvi na hayo makofi. Watoto mia kadhaa wamesikia hotuba, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza. Hakuna aliyesema, ndugu, hapo umetudanganya. Hakuna aliyeguna. Mtoto amesema peke yake na amejisikiliza peke yake.

Ninalotaka kusema leo ni hili. Hotuba tunazo, mashairi tunayo, midahalo tunayo, na vyote ni vyombo vizuri sana vya kufundishia Kiingereza. Tulichokiondoa ni mtu wa pili, yule anayejibu. Tumevigeuza vyombo vyote vitatu kuwa vya kukariri, kisha tunashangaa mtoto anamaliza miaka minne ya sekondari hawezi kumwelekeza mgeni njia ya kwenda Maili Moja, hapo hapo Kibaha.

Na usiniambie kwamba watoto wa Pwani ni wazito wa kusema. Nenda kawasikilize hao hao saa nne, wakati wa mapumziko, wakibishania Simba na Yanga. Hoja zinapangwa, ushahidi unatolewa, mechi ya miaka mitatu nyuma inafufuliwa dakika kwa dakika, mpinzani anakatwa kauli kwa utani hadi anacheka mwenyewe. Hawa ni wajukuu wa Wazaramo na Wakwere, na wengine wengi waliohamia, wamekulia katika jamii ambayo msiba wenyewe una watani wake. Ufundi wa kubishana wanao. Kinachowafunga mdomo kikifika kipindi cha Kiingereza ni hofu ya kuchapia. Mtoto akisema childrens, darasa zima linalipuka. Akishazomewa mara moja mbele ya msichana anayemheshimu, au mbele ya mvulana anayemdharau, hutamsikia tena hadi mtihani wa taifa, na mtihani wa taifa, bahati yake, haumtaki afungue mdomo.

Kuna walimu wanaodhani dawa ya hofu hiyo ni hofu kubwa zaidi. Ndiyo habari ya kibao. Aliyekamatwa akisema Kiswahili anavalishwa shingoni, naye anawinda mwenzake amhamishie. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza mambo haya ya utotoni mwake Kenya katika kitabu cha mwaka 1986, na wako wasikilizaji wangu wa Tanzania waliopitia ya kwao. Kibao kinafundisha kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni kunyamaza. Mtoto aliyekatazwa Kiswahili na asiyekijua Kiingereza ataona njia salama ni kukaa kimya toka asubuhi hadi kengele ya kutoka.

Sasa niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, maana upande huu wa Pwani una historia yake katika jambo hili. Pale Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, palikuwa na shule ya Wakatoliki iliyoitwa St. Francis. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh na shahada yake ya mwaka 1952 aliajiriwa pale kufundisha historia, Kiingereza na Kiswahili. Jina lake unalijua, Julius Nyerere. Alikuwa amekwisha kuonja midahalo akiwa mwanafunzi Tabora, kisha Makerere. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye akiwa bado na chaki mkononi. Machi 1955 akasafiri kwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikambidi achague ualimu au siasa. Akaiacha Pugu.

Nataka uangalie hapo New York palikuwaje. Wengi tunakumbuka kwamba Mwalimu alihutubia. Tunasahau kwamba katika baraza lile, mtu aliyeleta madai alikuwa anasema yake, halafu wajumbe wanamhoji. Aliulizwa, akajibu. Hotuba ya kukariri ingemfikisha kwenye ukurasa wa mwisho wa karatasi yake, na maswali yangemkuta mikono mitupu. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kubishiwa kwa Kiingereza na kubisha kwa Kiingereza, toka ujanani.

Pugu hiyo hiyo baadaye ilimpitisha Benjamin Mkapa, aliyekwenda kusoma fasihi ya Kiingereza Makerere na kumaliza mwaka 1962, akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa rais. Minaki nayo iko Kisarawe, shule ya Waanglikana wa misheni ya UMCA kwa asili yake. Kibaha kuna sekondari kongwe iliyojengwa miaka ya 1960 kwa mradi wa nchi za Nordiki. Kwa hiyo mtu wa Sofu akitazama kulia na kushoto, amezungukwa na shule zilizotoa wasemaji wakubwa wa nchi hii.

Lakini tusidanganyane. Shule zile zilikuwa za bweni, zilichagua wachache kutoka nchi nzima, na mtoto aliishi ndani ya Kiingereza mchana na usiku. Sekondari nyingi za leo ni shule za kata, zilizoota kwa wingi tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, na mwaka 2016 serikali ikafuta ada mpaka kidato cha nne. Ni jambo jema, mimi nalishangilia. Mtoto wa muuza mihogo sasa yuko kidato cha tatu. Ila saa tisa alasiri anarudi nyumbani kwenye Kiswahili, na kesho asubuhi anafundishwa fizikia kwa lugha aliyoisikia kwa dakika chache tu jana. Ukimpa mtoto huyo mbinu za Pugu ya mwaka 1954, na huna bweni la Pugu, umempa nusu ya dawa.

Ule mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia nitaupita haraka, maana una wenyewe na umeshakuwa mzee. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari; serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu, wakakuta ni kama asilimia 10 tu ya waliofika kidato cha nne waliokuwa na Kiingereza cha kiwango ambacho mtu angetarajia ndipo masomo kwa lugha hiyo yaanze. Yaani wamefika mwisho wa safari na nauli ya kuanzia hawana. Mwaka 1987 ukaja mradi wa fedha za Uingereza kuinua Kiingereza, na vitabu vya hadithi vikasambazwa. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesema kwa miaka mingi kwamba kama tunakitaka Kiingereza kweli, tukifundishe vizuri kama somo, tuache kukitumia kama ukuta wa kuzuia masomo mengine. Binafsi nakubaliana naye. Lakini hata siku serikali itakapoamua vingine, kipindi cha Kiingereza kitabaki kwenye ratiba, na mwalimu wa Sofu atabaki na swali lake la Jumatatu: dakika 40, watoto 60, nifanyeje waseme?

Piga hesabu nami. Dakika 40 ukiwagawia watoto 60, kila mmoja anapata sekunde 40, na hapo mwalimu mwenyewe amenyamaza kama bubu. Akisema mmoja mmoja, haiwezekani. Kwa hiyo wasemeane. Wageuze wawili wawili, kila dawati, wote kwa wakati mmoja. Kutakuwa na kelele. Mkuu wa shule atapita dirishani na kuuliza kama darasa hili lina mwalimu. Mwalimu ajibu kwamba yupo, na darasa liko kazini.

Nimesema vyombo vitatu. Nianze na shairi, kwa sababu hapo ndipo tumejipunja zaidi.

Taifa hili lilikuwa na ufundi wake wa kufundisha kwa shairi la kujibizana. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, ndiye aliyeikuza ngonjera: wahusika wawili au zaidi, mmoja hajui au hakubali, mwingine anamweleza, wanavutana beti kwa beti hadi wakaelewana. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi wasaidie kulieneza Azimio la Arusha, na ngonjera ikaingia kila shule ya msingi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, kitabu cha Ngonjera za Ukuta kikafuata mwaka 1970. Wazee wenzangu mnaonisikiliza, nani kati yenu hakusimama mbele ya mgeni wa heshima akawa Mvivu au Mkulima Hodari? Zilikuwa za kisiasa, nyingine zilichosha, nakubali. Lakini umbo lake lilikuwa na akili: huwezi kusema ubeti wako mpaka umesikiliza ubeti wa mwenzako.

Kwa nini umbo hilo tuliache mlangoni tunapoingia kipindi cha Kiingereza? Wape watoto wawili jambo la kuvutania. Mmoja ni kondakta wa daladala, mwingine ni mwanafunzi anayesukumwa ashuke kwa sababu nauli yake ni ndogo. Wape mistari minane, mizani wasisumbuliwe nayo, vina wakivipata ni heri. Waandike kwa Kiingereza chao, wasimame waseme. Kondakta atahitaji maneno ya kuamrisha, mwanafunzi maneno ya kuomba na kudai haki. Sarufi yote ya wiki nzima imo humo ndani ya basi, na hakuna mtoto wa Kibaha atakayekosa la kusema, wote wamelipanda.

Kisha mashairi ya vitabuni. Wanafunzi wengi wa Tanzania wamepita katika mkusanyiko wa Growing Up with Poetry uliohaririwa na David Rubadiri, mshairi wa Malawi. Namna tunavyoyafundisha mashairi inanisikitisha. Mwalimu anaandika ubaoni: dhamira, ujumbe, tamathali, mtazamo wa mwandishi. Wanafunzi wananakili. Notisi zenyewe zimetoka kwenye notisi. Upo uwezekano mkubwa wa mtoto kujibu swali la shairi kwenye mtihani na kupata alama bila kulisikia shairi hilo likisomwa kwa sauti hata siku moja.

Chukua Freedom Song la Marjorie Oludhe Macgoye, shairi ambalo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vinalijua. Mama huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mluo, akawa Mkenya wa kweli hadi alipofariki mwaka 2015. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliishi kwetu, akisimamia duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shairi lake linamhusu Atieno, mtoto wa miaka minane aliyechukuliwa na ndugu akae kwake. Anaosha vyombo, analea watoto wa nyumba, hasomi, halipwi, maana ni mtoto wa dada. Anakua hivyo hivyo, anapata mimba, anafariki baada ya kujifungua, na mazishi yake yanafanywa ya kifahari.

Sasa, msikilizaji, waambie watoto wa Sofu wakariri kwamba dhamira ya shairi ni unyonyaji, watakariri. Au waulize: nani amemuua Atieno? Ndugu yake? Aliyempa mimba? Mama yake aliyemtoa? Majirani waliokula ubwabwa wa msiba? Wapo darasani humo wanaomjua binamu aliyepelekwa mjini Dar kwa ahadi ya shule akaishia jikoni. Pengine wapo ambao wao wenyewe ndio Atieno wa nyumba fulani, kwa hiyo mwalimu awe na adabu asimnyooshee mtu kidole. Kila kikundi kimtetee mtuhumiwa mmoja kwa Kiingereza. Hapo mtoto atatafuta neno, atakosa, atamnong'oneza jirani kwa Kiswahili, atapewa, atalitumia papo hapo. Neno lililopatikana kwa shida ya namna hiyo halipotei upesi.

Nimesema kwa Kiswahili, ndiyo. Walimu wengine watanirushia kiatu. Lakini mimi naona kujadiliana kwa Kiswahili katika kikundi, kisha kusimama na kutoa hoja kwa Kiingereza, ni njia halali. Mawazo yapikwe kwa lugha yenye moto, yapakuliwe kwa lugha nyingine.

Nije kwenye hotuba. Kuna hotuba moja ambayo nusu yake kila mtoto wa Tanzania anaijua, na hajui kwamba anaijua. Ni ile ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro. Maneno yale ya Kiswahili yanasomwa kila mwaka mbio za Mwenge zinapopita. Nyerere aliyasema mara ya kwanza Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, na aliyasema kwa Kiingereza. Mwenge wenyewe ulipandishwa na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa uhuru, Desemba 1961. Mpe mtoto wa kidato cha kwanza maneno ya Kiingereza ya hotuba hiyo. Maana tayari iko kichwani mwake. Kazi iliyobaki ni kuona lugha ya pili inayabebaje mambo yale yale. Halafu muulize: mzee alitaka mwenge umulike nje ya mipaka yetu. Leo unamulika nini? Usimpe jibu.

Ya pili ninayoipenda iko ndani ya tamthilia. Nyerere, akiwa na nchi changa ya kuongoza, alikaa akamtafsiri Shakespeare. Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963 na akairekebisha mwaka 1969, mwaka ambao ilitoka pia Mabepari wa Venisi. Katika ule mchezo wa kwanza, Kaizari ameuawa, na wawili wanasimama mbele ya umati ule ule. Anaanza Bruto, muuaji mwenye sababu, anasema kwa lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, anatoa hoja safi, umati unamshangilia. Kisha anafanya kosa ambalo kila mwanamdahalo wa Kibaha atalitambua mara moja: anamwachia mpinzani jukwaa na kuondoka zake. Antoni anapanda, anasema kwa shairi, anamsifu Bruto hadi sifa inageuka kuwa sumu, anaonyesha vazi lililotobolewa, anataja wosia, anasita kuusoma. Umati ule ule unakwenda kuchoma nyumba za wauaji.

Vitabu vyote viwili, cha Kiingereza na cha Mwalimu, vikikaa mezani pamoja, hilo ni somo la muhula mzima. Wasome kwa Kiswahili wacheke na kushtuka, wasome kwa Kiingereza waone Antoni anarudia nini, na kwa nini kila akirudia maana inabadilika. Kisha darasa liwe umati. Umati wa Roma haukupiga makofi ukarudi mstarini. Ulipiga kelele, uliuliza, ulidai.

Basi na moningi spichi yetu iwe hivyo. Kwanza, salamu zifupishwe. Mkuu wa shule anajua yeye ni mkuu wa shule. Pili, msemaji achague jambo moja dogo analolijua, na aruhusiwe karatasi yenye maneno machache tu, si hotuba nzima. Tatu, akimaliza, maswali matatu kutoka mstarini, kwa Kiingereza chochote kile. Asubuhi za mwanzo hakuna atakayeuliza. Mwalimu wa zamu aulize yeye, tena swali la kweli, lile ambalo jibu lake hana. Zikipita wiki kadhaa utaona mikono, hasa ya wakorofi. Mkorofi ni mtaji mkubwa katika kazi hii.

Makosa je? Mwalimu asimkate mtu katikati ya sentensi. Awe na karatasi, aandike makosa anayoyasikia, na kipindi kinachofuata ayaweke ubaoni bila jina la mtu, darasa liyasahihishe. Na anayezomea apewe zamu ya kusema kesho yake. Hiyo ni adhabu yenye faida.

Kuhusu mdahalo, nina mambo mawili tu. La kwanza ni wasichana. Tazama mdahalo wa Ijumaa wa shule yoyote: wasemaji wakuu wavulana, mtunza muda msichana, katibu msichana. Wameketi mbele, wameandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, na hawakusema neno. Wabadilishane viti. Hilo halihitaji waraka kutoka wizarani.

La pili ni mada. Elimu ni bora kuliko mali. Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Baba na mama nani bora. Mada hizi walizijadili babu zao, na hoja zake zinarithishwa daftari kwa daftari, kwa hiyo hata mdahalo nao umekuwa moningi spichi ya watu wanne. Kibaha ya leo ina mambo ya moto kiasi gani! Mashamba ya mikorosho yanakatwa viwanja. Kwala pamejengwa bandari kavu na malori yanaongezeka. Treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na inapita Pwani, mwenye basi anasemaje? Kule Kisarawe kuna msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, umeliwa na mkaa miaka nenda rudi, na mkaa huo huo ndio uliomlipia sare mtoto fulani aliyeko darasani. Weka mada mezani: mkaa upigwe marufuku kabisa Pwani. Utaona kama kuna atakayeangalia paa.

Najua linalokuja. Mwalimu ananisikiliza na kusema, bwana wee, mimi nina mtihani. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna anayepimwa mdomo. Wenzetu Kenya angalau wana swali la ustadi wa mazungumzo, ingawa nalo linajibiwa kwa kalamu, jambo ambalo hunichekesha kila nikilifikiria. Mzazi anataka daraja la kwanza. Mkuu wa wilaya anataka sifuri zitoweke; Kisarawe walikuwa na kampeni yao ya Tokomeza Zero enzi za mkuu wao wa wilaya Jokate Mwegelo, na ikazaa hata shule ya wasichana. Sasa mimi nipoteze kipindi kwa mkaa?

Jibu langu ni karatasi ile ile ya mtihani. Humo kuna insha, na kuna maswali ya fasihi yanayomtaka mtoto atoe hoja na kuitetea kwa mifano. Aliyebishana juu ya Atieno kwa kipindi kizima ana cha kuandika. Aliyekariri dhamira tano atakwama swali likigeuzwa kidogo tu, na maswali siku hizi yanageuzwa. Mitaala yetu tangu mwaka 2005 inahubiri ujuzi badala ya kukariri. Sijui kwa nini mwalimu anayeufuata mtaala aonekane ndiye mwasi.

Jingine walimu hawalisemi hadharani, nitawasemea. Mwalimu naye anaogopa. Kijana aliyetoka chuoni juzi, Kiingereza chake amekipata katika shule hizi hizi, anajua kwamba akifungua mlango wa maswali, litakuja swali litakalomwacha mdomo wazi. Notisi ubaoni ni ngome yake. Simlaumu hata kidogo. Lakini mwalimu akisema mbele ya watoto, neno hilo silijui, tulitafute, akafungua kamusi mbele yao, amewafundisha namna mtu mzima anavyojifunza lugha, na hofu ya kuchapia inapungua darasa zima pamoja na yake.

Nina ombi kwa wakuu wa shule wa Sofu na majirani zake. Mdahalo wa mkaa ukiwa tayari, msiufanye wenyewe kwa wenyewe. Mwalikeni mtendaji wa kata, mwalikeni muuza mkaa, mwalikeni afisa misitu wa wilaya akae kiti cha mbele. Wanafunzi watoe hoja, kisha wamgeukie wamuulize, kwa Kiingereza, vibali vinatolewaje na gunia linapitaje geti usiku. Afisa naye atalazimika kujibu kwa Kimombo, mbele ya kidato cha pili, na pale atakapochapia, ole wake atakayemzomea: kesho yake asubuhi zamu ya paredi ni yake.